Kontena la futi 20 kuwa tangi la samaki: piga hesabu kabla ya kukata dirisha

Tangu Ramadhani swali hili limenifikia mara tatu, na kila mara kutoka kwa vijana tofauti wa Mji wa Kale. Je, kontena kuukuu la futi 20 linaweza kugeuzwa tangi kubwa la samaki wa baharini, likawekwa mahali karibu na Ngome ya Yesu, watoto wakalipa shilingi chache wakaona tasi na kitatange wakiogelea mbele ya macho yao? Mmoja alikuja na mchoro kwenye simu. Alikuwa ameona video ya mtu wa ng'ambo aliyefanya jambo kama hilo nyuma ya nyumba yake. "Ami, wewe umeishi na makontena," akaniambia. "Tuambie tu lini tuanze kukata."

Nimetengeneza makontena Kilindini kwa miaka 22. Kazi yangu imekuwa kunyoosha kuta zilizobonyea, kubadilisha sakafu na kuchomelea bawaba za milango. Samaki nawafuga nyumbani kwa mapenzi yangu tu. Jibu langu kwa vijana wote watatu ni moja: jambo hili linawezekana, lakini si kwa mchoro ule. Mchoro ule ulikuwa ni kontena lililozibwa milango kwa silikoni, likajazwa maji karibu na dari, likakatwa dirisha refu ubavuni, na watoto wamesimama wametoa macho upande wa pili. Nitaeleza kwa nini nisingemruhusu mjukuu wangu asimame pale, kisha nieleze namna ninayoona inafaa.

Nia yenyewe ni njema, sina ubishi nayo. Mtoto wa Mji wa Kale anaijua bahari kwa juu tu. Mbuga ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, lakini boti ya kioo huko Nyali na Bamburi haiko kwa bei ya mtoto wa Kibokoni. Mbele ya Ngome yenyewe ilizama meli ya Kireno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, wakati wa mzingiro ule mrefu. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vimo ndani ya makumbusho. Kwa hivyo mtoto anaweza kuona sahani za meli ile, lakini samaki walioishi nayo miaka 280 hajawahi kuwaona ila wakiwa kwenye sinia sokoni.

Tuanze na uzito. Ndani ya kontena la futi 20 kuna urefu wa mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha karibu mita 2.39. Ukilijaza hadi mita 2.3 una lita 32,000 hivi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mfereji, lita 1,000 hufika kilo 1,025, kwa hivyo hapo una karibu tani 33 kabla hujatia jiwe wala mchanga. Soma bamba la chuma lililopigwa ribiti mlangoni. Makontena mengi ya siku hizi yameandikwa uzito wa juu kabisa kilo 30,480, pamoja na kontena lenyewe. Ya zamani huwa chini ya hapo.

Lakini si uzito wa kwenda chini unaonitia hofu, maana kontena limeundwa kubeba mizigo. Hofu yangu ni ubavu. Gunia la kahawa hukaa pale ulipoliweka. Maji hayakai, husukuma pande zote, na kadiri yanavyokuwa na kina ndivyo yanavyosukuma zaidi chini. Ukuta wa mita 5.9 wenye maji ya mita 2.3 nyuma yake unasukumwa kwa nguvu sawa na tani 16. Ukuta huo ni bati la chuma lenye mikunjo, unene wake milimita 1.6 hadi 2.

Sasa, aina mpya ya kontena ikitoka kiwandani, ubavu wake hujaribiwa kwa mzigo sawa na asilimia 60 ya shehena. Kwa kontena la kubeba tani 28, hiyo ni tani 16 au 17. Kijana mwenye mchoro aliposikia hivyo akafurahi: "Basi linatosha!" Linatosha kwa jaribio la muda mfupi, kontena likiwa jipya, na mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa ukuta mzima. Maji hayajitandazi hivyo. Robo tatu ya msukumo wake iko katika nusu ya chini ya ukuta, pale pale ambapo kontena kuukuu huwa limeliwa na kutu. Na maji hayapumziki usiku.

Bandarini hatuhitaji kukisia haya. Kuna mifuko mikubwa ya plastiki inayotandikwa ndani ya kontena la futi 20 kubebea mafuta ya kula na vitu vingine vya majimaji, hadi lita 24,000 kwa safari moja. Mifuko hiyo inafanya kazi na ni biashara ya kawaida duniani kote. Lakini kontena lililoibeba mara nyingi hurudi kwetu mbavu zimetuna kama tumbo la bunju, na kazi yetu huwa kuzirudisha. Hilo ni kontena zima, lisilo na dirisha, lenye maji kwa wiki chache tu.

Dawa ya kwanza ni kupunguza kina, na hapa hesabu inakuwa rafiki. Msukumo juu ya ukuta hufuata mraba wa kina. Ukishusha maji kutoka mita 2.3 hadi mita 1.2, maji yenyewe yamepungua kwa karibu nusu, lakini msukumo kwenye ukuta ule ule umeshuka kutoka tani 16 hadi tani 4 na kidogo. Mita 1.2 si haba. Kwa mtoto wa miaka saba ni kimo chake mwenyewe, na samaki wa miambani hawakuombi zaidi.

Dawa ya pili ni kuacha kulifanya kontena kuwa tangi. Lifanye kuwa nyumba ya tangi. Ndani yake unasimamisha fremu ya bomba za mraba za chuma, unaweka kuta za plaiwudi ya baharini, kisha unazitandaza faiba tabaka kwa tabaka hadi liwe bakuli moja lisilo na kiungo. Mafundi wa boti za faiba tunao hapa hapa Mombasa, na kazi hii wanaifahamu kuliko mimi. Tangi la urefu wa mita 4, upana wa mita 2.1 na kina cha mita 1.2 linachukua lita 10,000. Mita moja na nusu iliyobaki upande wa milango inakuwa chumba cha pampu na machujio. Kama faiba ikivuja, unaona tone kwenye sakafu ya kontena, unapata nafasi ya kufanya jambo.

Kuna mzee aliyenikumbusha kalafati, akauliza kwa nini tusizibe mbao kwa pamba na mafuta kama majahazi. Swali la haki. Kalafati hufanya kazi kwa sababu jahazi liko ndani ya maji, bahari inasukuma ubao kutoka nje, mbao zinavimba zinabanana. Hapa msukumo unatoka ndani kwenda nje, unafungua badala ya kufunga.

Sasa dirisha. Chukua dirisha dogo tu, upana wa mita 2 na kimo cha sentimita 80, ukingo wake wa juu ukiwa sentimita 20 chini ya uso wa maji. Maji yatalisukuma kwa karibu tani moja. Ni sawa na gari dogo lililoegemea kioo mchana na usiku, na nyuma ya kioo hicho pana watoto. Kioo cha nyumba cha milimita 6 hakina kazi hapa. Kinachotakiwa ni akriliki nene au kioo cha tabaka kadhaa kilichounganishwa, na unene wake upigiwe hesabu na mhandisi aliye tayari kutia sahihi. Waliofika Dubai wameliona tangi la pale kwenye duka kuu, lenye lita milioni 10. Akriliki yake ina unene wa sentimita 75. Wengi hupiga picha papa, mimi ningeanza na ukingo wa kile kioo.

Namna ya kukiweka pia ina maana. Kioo hukaa upande wa ndani wa fremu, maji yakikibana kwenye fremu. Nimeona matangi ya mikahawa ambapo kioo kimegandishwa kwa nje, na kinachokizuia kuruka ni silikoni peke yake. Upande wa kontena, chomelea kwanza fremu ya chuma kuzunguka mahali pa dirisha, ndipo ukate bati. Ukikata kwanza, mikunjo ya ukuta iliyokuwa ikishika paa inapoteza nguvu na mlango unaanza kugoma kufunga.

Kama kuna anayeona nawatisha watu, akumbuke Berlin. Tarehe 16 Desemba 2022, kabla ya saa 12 asubuhi, tangi la AquaDom lililokuwa ukumbini mwa hoteli lilipasuka. Lilikuwa na lita milioni moja na samaki wapatao 1,500. Lilijengwa na wataalamu na lilikuwa limekarabatiwa miaka miwili tu kabla. Waliojeruhiwa ni wawili tu kwa sababu ukumbi ulikuwa mtupu saa ile. Maji yalitoka na milango na viti hadi barabarani. Letu ni dogo mara 100, lakini tani 10 za maji katika kichochoro cha Mji wa Kale hazina pa kwenda.

Nikirudi kwenye kontena lenyewe, lina sumu ambayo wengi hawaijui. Sakafu yake ni plaiwudi ya milimita 28, na plaiwudi hiyo mara nyingi imetiwa dawa ya kuua wadudu. Sababu ni kwamba Australia kwa miaka mingi imetaka mbao za makontena ziwe na dawa, ili mchwa na wadudu wengine wasiingizwe nchini mwao, na kwa kuwa kontena huzunguka dunia nzima, watengenezaji wakaitia kila mahali. Bamba la mlangoni huonyesha dawa iliyotumika na tarehe. Tone la dawa ya namna hiyo likipenya kwenye maji ya samaki, kazi imekwisha. Ningeing'oa sakafu yote. Na tafadhali, mbao hizo zisipewe jirani kuwa kuni. Nimeona zikipikiwa maharagwe mitaani, moshi wake haufai kwa binadamu.

Rangi ya kontena nayo ina zinki ndani yake. Zinki haifai kwa samaki, na shaba ni mbaya zaidi: kiwango kidogo sana kinaua kamba, kaa na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Kwa hivyo hakuna koki ya shaba wala bomba la chuma mahali popote maji yanapopita. Tumia plastiki tupu. Silikoni nayo usichukue ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu.

Kuhusu kutu sitasema mengi. Chuma cha makontena kimechanganywa ili kutu yake ya kwanza ishike na kukinga iliyo chini, lakini hewa ya chumvi huivuruga kinga hiyo, na kisiwani hapa hewa ya chumvi ndiyo tuliyo nayo. Paka rangi ya meli kila mwaka, hasa chini na kwenye pembe.

Joto lina hadithi ndefu kidogo. Kontena la chuma lililoachwa juani Mombasa mwezi wa Februari ni tanuri, na anayefanya kazi ndani yake hahitaji kuambiwa. Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 29 hivi kwa mwaka, na samaki wa miambani wamezoea hapo. Likipanda hadi 31 au 32 mambo yanaharibika kwa njia mbili: samaki anataka hewa zaidi, na maji ya moto yanashika hewa kidogo zaidi. Matumbawe ndiyo hayavumilii kabisa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka ikafa. Mashine ya kupoza maji ipo, lakini inakula umeme kuliko pampu. Jawabu tunalo juu ya vichwa vyetu. Ezeka paa la makuti juu ya kontena, liwe limeinuka nusu mita ili upepo upite katikati, paka bati la juu rangi nyeupe, na toboa matundu ya hewa juu pande mbili zinazokabili kusi na kaskazi. Makuti hayagharimu umeme.

Maji yatatoka wapi? Watu hucheka nikiuliza hivyo huku tumezungukwa na bahari. Lakini maji yanayopita mbele ya Ngome wakati wa kupwa yanatoka hori ya Tudor, na hori hiyo inapokea majitaka ya mitaa mingi. Mvuvi wa Bandari ya Kale anajua tofauti ya harufu. Chukua maji yanapokaribia kujaa kabisa, hasa siku za bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3 na bahari ya nje inaingia kwa wingi. Siku za maji mafu ngoja. Masika nayo yakipamba moto acha kabisa, maana hori inashusha tope na maji baridi, na chumvi ya kawaida ya gramu 35 kwa lita inashuka. Maji yapitishwe kwenye chujio la mchanga, kisha yatulie gizani siku kadhaa kabla ya kuingia tangini.

Tangi likipungua kwa mvuke, usiongeze maji ya bahari. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki, na ukiongeza nyingine unafanya achari. Ongeza maji matamu yasiyo na klorini. Na kila wiki utataka kubadilisha sehemu moja ya kumi: hapo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mwenye mkokoteni atafurahi.

Kitu kinachoua samaki wengi wa watu wanaoanza ni haraka. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa chache. Bakteria hao hawauzwi Marikiti. Huota wenyewe kwenye mawe, mchanga na machujio, na huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Wakati huo tangi linaonekana safi kabisa, maji yanang'aa, na kila anayepita anauliza samaki wako wapi. Jibu ni wiki 6. Baada ya hapo unaanza na samaki wachache sana, wiki mbili, kisha wachache tena.

Bakteria hao wanataka maji yanayotembea. Tangi la lita 10,000 linahitaji kupitishwa kwenye chujio angalau mara 2 au 3 kwa saa, na pampu yake itakuwa ya kilowati moja hivi. Kilowati moja saa 24 ni uniti 24 kwa siku, uniti 720 kwa mwezi. Chukua risiti yako ya mwisho ya tokeni, uangalie uniti moja umelipa ngapi, zidisha. Hapo ndipo mradi unapojulikana kama una mwenyewe. Kontena hununuliwa mara moja kwa harambee, umeme hununuliwa kila mwezi na hakuna anayechangisha harambee ya tokeni.

Na umeme wenyewe hukatika. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alipona. Agosti 25, 2023 giza lilikuwa la usiku kucha sehemu nyingi. Tangi lenye samaki wengi na joto la Mombasa haliwezi kusubiri usiku kucha. Weka pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya gari, ijiwashe yenyewe umeme ukikatika, na sola ya kuichaji. Pampu ya hewa inakula umeme kidogo sana, na hewa ndiyo inayookoa roho saa za kwanza.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wazee wetu walishalifikiria tatizo hili kabla ya kuwako pampu. Kufuga samaki ndani ya nyumba si jambo la Wazungu wa video. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na birika katika choo cha kuogea, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ukichungulia chini ya mabirika ya zamani utaona bakuli la kauri ya Kichina limezikwa kwenye chokaa, mdomo wake sawa na sakafu. Watalii huambiwa ni pambo. Lilikuwa na kazi: birika likikauka au likimwagwa kusafishwa, maji ya mwisho hubaki ndani ya bakuli, na samaki wakabaki nayo hadi birika lijazwe tena.

Ndiyo maana kwenye mchoro wangu sakafu ya tangi haiko sawa. Pembe moja ina shimo la kina cha sentimita 40, upana wa mita moja, lililojengwa ndani ya faiba ile ile, na bomba la hewa ya betri linaishia humo. Bomba la kunyonya maji ya kwenda kwenye chujio haliko chini. Liko juu, ili hata kiungo kikifunguka usiku, pampu isiweze kunyonya tangi hadi mwisho. Fundi wa faiba aliniuliza kwa nini najisumbua na shimo. Nikamwambia akaangalie bakuli za Lamu.

Mahali pa kuliweka kuna mjadala, na mimi upande wangu naujua. Ngome ya Yesu imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2011, Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na huwezi kutua kontena chini ya ukuta wa 1593 kama unatua kibanda cha simu. Makumbusho ya Taifa lazima waulizwe, na ofisi yao ya hifadhi ya Mji wa Kale iko hapa hapa. Binafsi sitaki kuliona kontena kwenye picha ya Ngome. Liwe kando, mahali lori lenye winchi linaweza kufika, maana vichochoro vyetu havilipitishi. Kontena husimama kwa pembe nne, na tangi la lita 10,000 pamoja na mawe na chuma linafika tani 15. Bila bamba la zege chini, kila pembe ni msumari wa karibu tani 4. Na lisiwekwe juu ya dari ya boriti, hata mwenye nyumba akisema iko imara.

Mawe ya ndani yasitoke baharini. Matumbawe hai yanalindwa kisheria, na ndani ya mbuga ya bahari huruhusiwi kuchukua kitu chochote. Nunua mawe ya machimboni, yale yale ya kujengea nyumba. Ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, na Ngome imejengwa kwa mwamba wa aina hiyo hiyo. Yakioshwa vizuri, bakteria wanayapenda kwa vitobo vyake. Samaki wa mapambo wana leseni yao chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016, kwa hivyo wanunuliwe kwa mwenye leseni, si kwa mtoto mwenye chandarua. Na wachaguliwe kwa tabia. Tasi wachache watakula mwani kwenye kioo. Chewa atawala wenzake mmoja mmoja na utadhani wanatoroka. Mkunga hupanda juu ya ukingo akaonekana asubuhi sakafuni. Kitatange ni mzuri wa kuangalia lakini aina nyingi zake hula matumbawe na hufa njaa tangini, kwa hivyo uliza jina lake kamili kabla ya kulipa.

Kabla ya samaki yeyote, tangi lijazwe maji ya kawaida kwa hatua. Sentimita 40, ngoja siku mbili. Sentimita 80, siku mbili tena. Halafu mita 1.2 kwa wiki mbili nzima, bila mtu kusimama mbele ya dirisha. Vuta mshipi wa kuvulia kutoka pembe hadi pembe ya fremu, upime kwa rula nafasi kati ya mshipi na ukuta kila asubuhi, uandike daftarini. Namba ikisimama, vizuri. Namba ikizidi kuongezeka kila siku, hata kwa milimita moja, toa maji.

Vijana wa Kibokoni wamekubali kuanza na kidogo: tangi la plastiki la mraba la lita 1,000, lile lenye kizimba cha chuma, lililowahi kubeba chakula na si kemikali, kwa miezi sita. Tasi wanne, mawe ya machimbo, pampu ndogo na betri. Wamepanga zamu ya kuangalia pampu alfajiri, na daftari linakaa kwangu. Yule ambaye jina lake halitakosekana kwenye daftari hilo ndiye atakayeshika ufunguo wa kontena, likija.